Mkungu wa Mbile

Izigo, saa saba mchana

Mwanangu Muganyizi,

Zamani tulipofundishwa kuandika barua shuleni, mstari wa kwanza ulikuwa mmoja kwa watu wote: mimi ni mzima, hofu ni kwako. Leo siwezi kuuandika. Sina hofu nawe, una afya, una akili, na una cheti cha uuguzi. Anayeumwa ni mimi. Naumwa wivu, na nakwambia mapema ili usisome kurasa zote hizi ukidhani mama yako analia kwa sababu unakwenda kuanza kazi Tunduru.

Basi la kesho linatoka Bukoba alfajiri na litapita hapa barabarani kwetu. Ungeweza kulala kitandani kwako, ukanywa chai yangu, ukavuka barabara na begi lako ukapanda. Konda angesimama, baba yako anawafahamu wote. Lakini jana, huku unakunja mashati, ulituambia kwamba leo utakwenda kulala Kitendaguro kwa Mawe. Ulisema kama mtu anayepita dukani mara moja. Nikajibu, "Haya, vizuri," nikatoka nje nikawafukuza kuku ambao hawakuwa na kosa lolote.

Asubuhi umepanda hiace. Umenikumbatia, ukasema, "Mama, kaa vizuri." Mama. Na kule ulikokwenda kuna Mawe.

Mtu asiyejua Kihaya atadhani natania nikisema neno hilo limenichoma miaka ishirini. Kwa Kiswahili mawe ni ya kujengea msingi. Kwetu ni mama, yule wa mtu mwenyewe, aliyemzaa. Mama ni neno la shuleni, kila mwanamke aliyejifunga kanga ni mama: mama wa dukani, mama muuza dagaa, mama mchungaji. Hilo ndilo ulilonipa mimi. Lile la ndani ya nyumba ulimpa Hadija, jirani yetu wa zamani, Mwislamu, ambaye babu yake alifika Bukoba akitokea pwani, na ambaye hakusikia hata uchungu mmoja kwa ajili yako.

Mambo ya kufua, kupika na kuchemsha maji ya kunywa sitayaandika. Umefundishwa, na usipoyafuata tumbo litakukumbusha. Nataka nikueleze jambo ambalo hulijui, na ambalo baba yako analijua nusu. Kwa mdomo nimejaribu wiki nzima. Kila nikianza, naishia kukuuliza kama umefunga soksi.

Ulikuwa na mwaka mmoja na nusu. Tulipanga chumba Kitendaguro, ukuta mmoja na kwa Hadija. Baba yako alikuwa anapakia magunia ya kahawa ghalani. Mimi nikaanza kukohoa, nikakonda, gauni la harusi likawa linaweza kunizunguka mara mbili. Miaka ile, katika mkoa wetu, mtu akikonda watu hawakuuliza anaumwa nini, walijijibu wenyewe. Yangu ilikuwa TB, tena ya kutibika, lakini nani angesikiliza? Nikalazwa, na kulazwa kwenyewe kukawa miezi minane.

Wenzangu wa kwaya walikuja hospitali. Walisimama mlangoni mwa wodi, hawakuingia, wakaniombea vizuri sana. Walivyozoea kuimba, hata ile "amina" yao ilitoka kwa sauti nne. Mmoja wao aliahidi kukuchukua akakulee mpaka nipone. Akafika nyumbani, akakuta una kikohozi kidogo, akasema atarudi kesho yake. Simlaumu, naye alikuwa na watoto wadogo. Labda namlaumu kidogo.

Hadija hakuwa ameniahidi kitu. Alimgongea baba yako jioni moja akamwambia, "Nipe mtoto na nguo zake. Halafu niambie anakula nini." Hayo tu. Baba yako aliponisimulia pale kitandani nilishukuru Mungu kwa machozi. Nilimshukuru Mungu. Hadija mwenyewe nilimsahau, na hilo ndilo kosa langu la kwanza.

Siku niliyoruhusiwa nilivaa gauni la kanisani, nikajipaka mafuta, nikataka unione nimependeza. Nilikukuta uani na Zuhura, bintiye Hadija, mnachezea maganda ya ndizi. Nikachuchumaa, nikafungua mikono. Ulinitazama. Kisha ukapiga ukelele, ukakimbilia nyuma ya kanga ya Hadija, ukaing'ang'ania: "Mawe! Mawe!" Yeye akakushika mabega akakugeuza, akawa ananyoosha kidole kwangu na kusema jambo, lakini masikio yangu yalikuwa yameshaziba. Jirani mmoja akacheka akasema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Ni methali nzuri sana ukimwambia mwingine.

Nilimwambia Hadija, "Wakola," asante ya ncha ya ulimi. Mwezi haukuisha nikamwambia baba yako tuhamie huku Izigo, kwenye kibanja alichoachiwa na babu yako. Nilimwambia hewa ya mjini inanidhuru kifua. Hewa ile ilikuwa ya ziwa, safi kabisa. Kilichonidhuru ni ule ukuta mmoja.

Lakini wivu haukubaki Kitendaguro, tuliupakia kwenye gari pamoja na masufuria. Ulikuwa unaamka unauliza Mawe yuko wapi, na mimi nimekaa hapo hapo na uji mkononi. Hadija alikuwa anakutumia vitu kwa makonda. Mume wake alikuwa fundi cherehani sokoni, basi Idi walikushonea kanzu ndogo, na Krismasi wakakushonea shati, wala hakuna aliyewaomba. Shati nilikuvalisha. Kanzu niliikata vitambaa vya kufutia meza. Hiyo kanzu hujawahi kuiona, na ilikuwa imedariziwa shingoni kwa uzi wa bluu.

Na wakati huo huo, mwanangu, nilikuwa nimechaguliwa kiongozi wa kamati ya faraja pale usharikani. Sisi ndio tuliokuwa tunakwenda kwenye misiba na kwa wagonjwa na chakula kichwani. Tulikuwa na sare, gauni la zambarau na kola nyeupe. Nilijua kila aina ya ndizi na namna ya kuipeleka mahali. Nakuandikia hili ili usije ukanitafutia udhuru kwamba sikujua.

Ulikuwa na miaka mitano yule fundi cherehani alipofariki. Baba yako aliondoka mapema kwenda kusaidia mazishi, akaniagiza nifuate na wewe: "Kata ule nshakala wa karibu na jiko, uje nao." Nikachukua panga. Wewe ulikuwa unazunguka miguuni mwangu na viatu umevaa kinyume, unaimba tunakwenda kwa Mawe, tunakwenda kwa Mawe. Hukujua msiba ni nini. Hujawahi kuniimbia mimi wimbo hata mmoja.

Nikaupita ule nshakala, ndizi nzuri za kupika. Nikaenda mpaka nyuma ya choo, nikakata mkungu wa mbile.

Umekulia vitabuni, huenda umesahau, na huko Tunduru hakuna atakayekueleza. Mbile ni ndizi za kuivisha na kukamua. Ukizipika mbichi ni chungu, zinakaza ulimi, hata chumvi haizisaidii. Mgeni akiweka mkungu wa mbile na wa kupika pamoja atasema ni mapacha. Mhaya hachanganyi. Hakuna mwanamke wa Izigo anayekata mbile kwa bahati mbaya kupeleka msibani. Nilijiambia kwamba Hadija ni Mswahili wa mjini, ukoo wake wamezoea mchele, atajuaje? Zitapikwa, waombolezaji watatema, na lawama itakuwa ya jiko lake. Nikavaa sare yangu ya faraja, nikakubeba mgongoni, mkungu ukapanda juu ya gari.

Nyuma ya nyumba wanawake walikuwa wamekaa duara wanamenya. Nikatua mkungu wangu katikati, watu wakanishukuru, wakaniambia Mungu akubariki. Bibi mmoja mwenye kisu kifupi akavuta chana la kwanza, akakata ncha ya ndizi, akalamba kidole, akatema mate pembeni.

"Mbile," akasema. "Nani ameleta mbile msibani?"

Visu vyote vilisimama. Nilikuwa nimesimama pale na kola yangu nyeupe, na hakuna aliyehitaji kuelekezwa. Wengine walianza kunitazama kuanzia miguuni kwenda juu.

Dirisha la chumba cha ndani lilikuwa wazi. Ndimo alimokuwa mfiwa. Sauti ya Hadija ikatoka, imekauka kwa kulia: "Ni mimi niliyemwagiza, waitu, ndugu zangu. Zuhura na Muganyizi wanapenda juisi ya ndizi. Nilimwambia Mama Muganyizi akija asikose kuniletea mbile. Wekeni juu ya jiko ziive."

"Siku ya msiba, binti?" yule bibi akauliza.

"Watoto hawajui siku ya msiba."

Bibi akatikisa kichwa, akasukuma mkungu kando, visu vikaendelea. Mtu mmoja hata aliniachia kigoda nikae. Hadija alikuwa mjane wa siku moja, hajafungua kinywa tangu asubuhi, na mara ya kwanza kukifungua alikifungua kwa kunisitiri mimi.

Hapa ungetegemea nikwambie moyo wangu ulivunjika. Haukuvunjika, ulivimba. Nilimenya ndizi za wengine mpaka vidole vikawa vyeusi, nikiwaza jambo moja tu: hata wema amenizidi. Amekuchukua wewe, na sasa amechukua na kazi yangu, maana mwenye sare ya faraja nilikuwa mimi. Wivu hauna haya, mwanangu. Unaweza kumwonea mtu wivu hata kwa huruma anayokufanyia.

Baada ya wiki akaniita. Nilikwenda kwa sababu baba yako alinikazia macho. Hadija alikuwa ndani, amekaa eda, amejifunga nguo nyeupe, amepungua. Zuhura akaleta jagi. Juisi ilikuwa ya rangi ya asali, imekamuliwa kwa nyasi, haijachachuka.

"Kunywa, Jenesta," akaniambia. "Ndizi zako hizo."

"Ulijua?" nikamuuliza.

"Mimi nimezaliwa Bukoba. Nilipoona tu unateremka nao kwenye gari, kwa dirisha hili, nilijua."

"Mbona hukusema?"

"Ningesemaje? Umevaa nguo ya kanisa lako. Ningekuvua mbele za watu?"

Nikanywa. Akaniacha ninywe nusu kikombe, kisha akasema, "Na lile neno linalokuuma."

"Neno gani?"

"Usinifanye mtoto. Mawe. Lile lilikuwa lako. Ulipolazwa nilikuwa nambeba kila jioni mpaka kona ya nyumba, namwonyesha upande wa hospitali, namwambia Mawe yuko kule, Mawe anarudi. Sisi nyumbani tunasema mama. Nilitumia la kwenu makusudi, ili ukirudi ulikute midomoni mwake. Lakini mtoto hatazami kidole kinapoelekea, anatazama mdomo unaosema. Akanipa mimi. Siku uliyorudi nilimgeuza nikamwambia Mawe ndiye huyo. Hakunisikia yeye, hukunisikia na wewe."

Muganyizi, nilikimaliza kile kikombe. Ilikuwa tamu, siwezi kudanganya. Mgala muue na haki yake mpe. Nikaaga, nikapanda gari nikarudi nyumbani, na miaka kumi na saba sijakwambia.

Sikukwambia kwa sababu ungeuliza nimejuaje, na nikikujibu ingebidi nikueleze mkungu wa mbile. Hiyo ni sababu moja. Ya pili ni mbaya zaidi. Sikutaka kulipokea lile neno kutoka mkononi mwake. Nilitaka siku moja uamke mwenyewe, unione, uniite. Nilikuwa nakuangalia unavyokua na kusubiri. Ulipomaliza darasa la saba nilidhani utasema. Siku ya kipaimara ulitoka kanisani na cheti chako, Hadija amekuja na keki kutoka mjini, amekaa benchi la nyuma kabisa kwa heshima, na wewe ukapita mbele yangu ukaenda nyuma: "Mawe, umekuja!" Nikaimba wimbo wa kufunga ibada kwa sauti kubwa mno, mwalimu wa kwaya akageuka kuniangalia.

Baba yako amepita dirishani sasa hivi, anatafuna kahawa zake, ananiuliza kama naandika waraka wa kichungaji. Nimemwambia aende akanoe panga. Nitaeleza baadaye kwa nini.

Sitaki kukuhubiria. Wahubiri tunao, na wewe mwenyewe unasinzia kuliko mtu yeyote ninayemjua. Lakini siku si nyingi utavaa sare nyeupe, na mimi najua mambo ya sare. Inakupa heshima kabla hujafanya lolote. Watu watakushukuru kwa sababu ya kola, na usipoangalia utawapelekea mbile, nao watakuambia Mungu akubariki. Mimi nilibeba chakula kwa wagonjwa na wafiwa miaka mingi nikahesabiwa mwenye huruma, na sikumbuki kama niliwahi kumuuliza mmoja wao lile swali la Hadija: anakula nini. Nilipeleka nilichotaka kuonekana nimepeleka.

Jina lako nilikupa mimi. Kabla yako walitangulia wawili ambao hawakukaa, basi ulipolia kwa nguvu nikasema Mungu ni Muganyizi, ameniganyira, amenihurumia. Nilidhani ni jina la kumsifia Mungu tu. Sikufikiri kwamba mtu anaweza kulifanyia kazi, tena mtu wa nyumba ya pili asiyesali kwetu. Huko uendako tafuta usharika, imba, toa sadaka, mimi nitafurahi. Ila ukimkuta mtu anayekuzidi wema, na akawa si wa kwenu, usihame mtaa. Mimi nilihama, na ona nilivyopoteza. Ningekuwa na dada ukuta wa pili muda wote huu. Badala yake nilikuwa na mshindani ambaye hata hakujua tunashindana.

Au alijua. Alikuwa ananihurumia tu, na hilo nalo linaniudhi mpaka leo.

Sasa sikiliza ninachokuomba. Najua moyo wako, ukifika hapa utataka kunifurahisha, utaanza kuniita Mawe. Usifanye hivyo. Mungu ananiona, kalamu yenyewe inataka kuandika kinyume, maana nimelitaka neno hilo kuliko nilivyotaka bati za nyumba hii. Lakini alilibeba kila jioni mpaka kona ya nyumba kwa ajili yangu, wakati walionifahamu walikuwa wanaogopa kukushika mkono. Limemkaa. Ukimnyang'anya leo kunipa mimi utakuwa umekata mbile, na utakuwa umeikata kwa mkono wangu. Mwachie. Mimi niite Mama kama siku zote, nitaitika.

Barua hii inakuja na konda wa hiace ya saa tisa, nimempigia Zuhura aipokee stendi. Nimeituma itangulie kwa sababu nikija nayo mwenyewe nitaificha. Baba yako na mimi tunapanda ya saa kumi. Panga limeshanolewa. Kuna nshakala karibu na jiko, si ule, ule ulikatwa zamani, ni mjukuu wake wa shina lile lile, na mkungu wake mwaka huu ni mrefu mpaka tumeuwekea miti miwili ya kuuegemeza. Baba yako anasema tuache ukomae kidogo zaidi. Nimemwambia umechelewa miaka kumi na saba, inatosha.

Nitaubeba mwenyewe kutoka barabarani mpaka uani. Nitautua mbele ya Hadija, nitamwomba msamaha kwa mdomo wangu, wa ndizi, na wa ile kanzu ambayo hajui ilikokwenda. Sare sitavaa.

Msomee Mawe barua hii, yote, usiruke palipo pabaya. Kisha mwambie asiinjike sufuria. Leo anakaa kitako, anaulizwa anakula nini, na mwenye kupika ni mimi.

Mama yako,
Jenesta